Marufuku ya Mzee Courtadon

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu wa nyumba ya Anselme Courtadon aliyeruhusiwa kutia mguu katika bekari ya Bi Ghislaine Boutry. Amri hiyo aliitoa mwenyewe, amesimama mbele ya meza ya jikoni, kofia bado kichwani, Jumamosi moja kabla ya Pasaka. Mkewe, Huguette, alimsikiliza hadi akamaliza, kisha akamwuliza kama sasa anaweza kuvua kofia ili wale.

Chanzo cha yote kilikuwa kruasani moja, ule mkate mdogo wa matabaka unaookwa kwa siagi. Asubuhi ile bekari ilikuwa imejaa watu hadi nje kwenye ngazi. Anselme, ambaye wakati ule alikuwa bado mtu wa posta, alikuwa amezunguka nusu ya mji kwa baiskeli na tumbo lilikuwa linamnguruma. Hakusubiri kufika nyumbani. Aliitoa kruasani yake kwenye mfuko, akaing'ata palepale mbele ya kaunta, akatafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Bi Ghislaine," alisema, kwa sauti ileile aliyozoea kuwaitia watu barua zao kutoka barabarani, "hii ni majarini."

Katika mji ule mdogo wa Chassenay unaweza kumwambia mtu kwamba mbwa wake ni mwizi, au kwamba shemeji yake hajui kuendesha gari, na kesho yake mkasalimiana kama kawaida. Lakini kumwambia mwoka mikate, mbele ya wateja wake, kwamba kruasani yake ya siagi haina siagi! Bi Ghislaine aliinama juu ya kaunta, akamnyang'anya ile kruasani, akaitupa kwenye pipa la taka na kumwonyesha mlango.

"Nenda kanunue kule kwenye kituo cha petroli," alimwambia. "Huko ndiko waliko wajuzi wenzako."

Tangu siku ile familia ya Courtadon ilinunua kruasani zake katika duka kubwa la njia ya kuingilia mjini. Zilifika pale zimegandishwa ndani ya maboksi, zikapashwa moto, zikatoka zote na sura moja. Ukiibonyeza, haipasuki wala haitoi mlio. Inabonyea tu kama sponji ya kuoshea vyombo. Huguette alizipanga kwenye sahani kila Jumapili. Anselme alichovya ya kwake kwenye bakuli la kahawa ya maziwa, akaila kama mtu anayemeza dawa, akafuta mdomo na kusema, "Si mbaya."

Hayo yalikuwa ya Jumapili. Alhamisi ilikuwa na mambo yake.

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi Anselme alikwenda kwa Firmin kinyozi. Ukimtazama kichwa ungejiuliza anafuata nini huko, maana nywele zilizobaki zilikuwa chache na zimekaa nyuma ya masikio tu. Lakini Firmin alimkalisha kwenye kiti kama mteja yeyote, akamfunga kitambaa shingoni, akapiga mkasi hewani mara mbili tatu kwa ajili ya wapita njia, kisha akavuta droo. Ndani ya droo, chini ya taulo safi, palikuwa na kruasani moja ya Bi Ghislaine, bado ina uvuguvugu.

Anselme aliila polepole, macho amefumba. Kwanza ganda, lile jembamba la rangi ya kahawia linalovunjika kwa mlio na kumwagika kwenye kitambaa kama maranda ya seremala. Halafu tabaka za ndani, laini, zinazonyumbuka, zenye harufu ya maziwa. Alipomaliza, Firmin alikung'uta kitambaa.

"Umenyoleka vizuri leo," alimwambia.

"Funga mdomo, Firmin."

"Nimekwambia neno mimi? Miaka kumi na mmoja nimefunga mdomo. Wewe ndiye unayefungua."

Hivyo ndivyo alivyoishi na amri yake. Nyumbani alikuwa hakimu, kwa kinyozi alikuwa mhalifu, na aliamini kwamba hakuna aliyejua ila Firmin na yeye.

Mwezi wa tatu mwaka jana, binti yao Clémence, daktari wa meno katika mji wa Tours, alipiga simu kusema anakuja kulala siku mbili, na kwamba haji peke yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hajawahi kumleta mtu nyumbani. Huguette alifua mapazia yaliyokuwa safi. Anselme alisema hajali, kisha akaenda kupaka rangi lango.

Mgeni aliitwa Yannig Kerbrat. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mkoa wa Bretagne, mrefu hata akalazimika kuinama mlangoni, na mchangamfu kupita kiasi. Jumamosi usiku alikula sungura wa Huguette sahani mbili, akasifu mchuzi, akarekebisha kitasa cha kabati bila kuombwa. Anselme alimtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa ametafuta kasoro tangu saa kumi na moja jioni na alikuwa bado hajaipata.

"Anacheka sana," alimwambia mkewe walipokwenda kulala.

"Sasa ulitaka alie?" Huguette akamjibu, na kuzima taa.

Jumapili, Yannig ndiye aliyeamka wa kwanza. Alikuwa amelelewa vizuri, na mgeni aliyelelewa vizuri hasubiri kuandaliwa kifungua kinywa siku ya Jumapili. Huvaa viatu, akatoka taratibu, akarudi na kruasani za nyumba nzima. Hakuna aliyekumbuka kumwonya. Clémence alikuwa bado amelala. Yannig alifungua lango lenye rangi mpya, akapinda kushoto, akafuata watu waliokuwa wakienda kununua mikate.

Anselme aliamshwa na harufu. Alilala akitazama dari, akidhani anaota Alhamisi. Ilikuwa harufu ya siagi iliyoiva, na ilikuwa inapanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Alivaa suruali na sweta, akashuka.

Jikoni Huguette alikuwa amesimama na birika la kahawa mkononi, hamimini. Clémence alikuwa ameketi, viganja viwili mashavuni. Katikati ya meza palikuwa na mfuko wa karatasi, umelowa mafuta upande mmoja, na juu yake maandishi ya kijani: Boutry.

"Shikamoo, mzee!" alisema Yannig kwa furaha. "Nimewaletea bado za moto."

Anselme aliutazama mfuko. Mate yalimjaa mdomoni na akayameza kwa shida.

"Baba," Clémence alianza, "Yannig hajui. Sikumwambia. Kosa langu."

"Sijui nini?" Yannig akauliza. Kisha, kwa kuwa watu waliendelea kukaa kimya, na yeye hakuwa mtu wa kuvumilia kimya, akaendelea kuongea. "Yule mama wa dukani mkarimu jamani! Mwanzoni alininunia, akaniuliza mimi ni wa nani, mbona hanijui. Nikamwambia nimefikia kwa Courtadon. Aah, akabadilika uso! Akasema, 'Kwa Courtadon? Basi usichague wewe, nitakuchagulia mimi.' Anawajua vizuri, eh? Kasema Mama anapenda iliyoungua kidogo kwenye ncha, kama ile anayochukua Jumatano akitoka kwenye mazoezi ya kwaya."

Birika likagonga meza. Huguette alikuwa amebadilika rangi hadi shingoni.

"Huguette?" alisema Anselme.

"Kwaya inachosha," alisema Huguette.

"Yannig," Clémence alinong'ona, "nyamaza."

"Na wewe kakutaja! Kasema ukija kuwasalimia wazazi huchukua mbili, na ya kwanza huwa imeisha kabla hujafunga mlango wa gari."

"Clémence!"

"Baba, nina miaka thelathini na minne!"

Anselme alikuwa amevuta pumzi. Hotuba ilikuwa tayari kifuani: juu ya heshima, juu ya neno la baba, juu ya usaliti ndani ya nyumba ya mtu. Ingekuwa hotuba nzuri. Lakini Yannig alikuwa bado hajamaliza. Alitia mkono kwenye mfuko, akatoa kruasani ya mwisho, nene katikati, ya rangi ya asali, akaiweka kwenye sahani ya Anselme kwa uangalifu.

"Na hii ni yako, mzee. Kasema ni ile isiyokauka sana ndani, kama anayomwekea Firmin kinyozi kila Alhamisi. Kasema huwa anaitenga mapema, kabla watu hawajaanza kuchaguachagua."

Huguette alimgeukia mumewe polepole, akamtazama usoni, kisha akainua macho na kukitazama kile kipara.

"Kila Alhamisi," alisema. "Na mimi nikawa najiuliza anamnyoa wapi."

Clémence ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akalaza kichwa mezani. Huguette akafuata, aproni mdomoni. Yannig aliwatazama mmoja mmoja bila kuelewa lolote, akacheka naye kwa sababu ilionekana ndicho kilichohitajika.

Anselme hakucheka. Alikuwa anaitazama ile kruasani. Kilichomgusa si kwamba alikuwa ameumbuliwa. Ni kwamba Ghislaine alijua. Alijua tangu mwanzo, na hakumwambia mtu, wala hakumtumia Firmin maneno ya kejeli. Kila Alhamisi kwa miaka kumi na mmoja aliinama mbele ya trei, akamchagulia mtu aliyemwaibisha hadharani ile kruasani aliyoipenda, akaiweka kando.

"Nakwenda," alisema.

"Wapi?" Huguette akaacha kucheka. "Anselme, usiende kugombana na mtu Jumapili."

Lakini alikwisha kutoka.

Bekari ilikuwa imejaa, maana misa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakinunua keki za mchana. Anselme alisukuma mlango, kengele ikalia, vichwa vikageuka. Akapita moja kwa moja kuelekea kaunta.

"Foleni inaanzia nyuma, Bwana Courtadon," alisema Bi Ghislaine bila kuinua macho. Alikuwa anafunga boksi kwa utepe. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi tangu mara ya mwisho alipomwona kwa karibu, na alikuwa anasimama ameegemea mguu mmoja.

Anselme akarudi nyuma. Mbele yake palikuwa na watu tisa, na kila mmoja, ambaye siku nyingine angemaliza haraka akaenda zake, alinunua alichonunua kisha akasogea pembeni na kubaki. Walijifanya wanatazama mikate. Bi Arlette, bibi wa miaka themanini na sita aliyekuwa mbele yake kabisa, alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Umekuja na ndara za chumbani," alimwambia.

Anselme akatazama miguu yake. Kweli.

Zamu yake ikafika. Alishika ukingo wa kaunta.

"Bi Ghislaine, nimekuja kukuomba radhi."

"Sema kwa nguvu. Bi Arlette masikio yake mazito."

"Ya kwangu yako sawa," alisema Bi Arlette, "lakini aseme tu kwa nguvu."

"Nimekuja kukuomba radhi!" Anselme akapaza sauti, ile sauti ya barua. "Ile Jumamosi kabla ya Pasaka. Kama nilikuwa na neno, ningekuja kukwambia pembeni, tukiwa wawili. Nilikuaibisha mbele za watu, ndani ya duka lako, na baba yako ndiye aliyelijenga. Halafu nikaenda nyumbani nikaiadhibu familia yangu. Na nimekuwa nikila kazi ya mikono yako kwa kujificha kama mwizi. Leo nimesikia kwamba ulikuwa unajua. Basi. Nimekosa."

Bi Ghislaine aliweka chini utepe. Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa safi. Watu walisubiri amfukuze, na wengine, ni vizuri tuseme ukweli, walitumaini hivyo.

"Ilikuwa majarini," alisema.

"Eh?"

"Ilikuwa majarini, Anselme." Alikuwa anaitazama kaunta. "Wiki ile siagi haikufika. Gari liliharibika njiani, sijui nini. Watu walikuwa wameagiza kruasani mia mbili kwa ajili ya Pasaka. Nilikaa jikoni nikalia, haki ya Mungu, halafu nikachukua majarini. Za majarini hupindwa kama mwezi, lakini nikazinyoosha kama za siagi na kuziweka mahali pa zile za siagi. Mara moja tu maishani mwangu. Nikasema moyoni, hakuna atakayejua." Akainua macho. "Halafu ukaja wewe na mdomo wako."

Anselme aliachia ukingo wa kaunta.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa sahihi. Ndiyo maana nilikasirika vile. Ungekuwa umekosea ningecheka."

"Sote tulijua," alisema Bi Arlette.

Wote wawili wakamgeukia.

"Mnanitolea macho ya nini? Sote tulijua! Mimi nilikula mbili siku ile. Zilinata mdomoni kama mshumaa. Lakini ningesema, halafu mkate wa sikukuu ningeupata wapi? Nilinyamaza. Huyu naye," akamwonyesha mzee mmoja kwa fimbo, "alinyamaza. Na huyu. Kasisi mwenyewe alinyamaza."

"Ni kweli," mzee yule akakiri. "Zilikuwa mbaya sana."

Bi Ghislaine alimtazama Bi Arlette, akawatazama wateja wake mmoja mmoja, watu aliowaamkia alfajiri kuwaokea mikate maisha yake yote, nao wakaanza kuinamisha vichwa na kukuna shingo. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Anselme alidhani analia, akanyoosha mkono juu ya kaunta. Kumbe ni kicheko. Kilimtoka kwa kishindo, kikamkamata mteja mmoja mwenye boksi la keki, kikapita foleni nzima hadi mlangoni, na watu waliokuwa nje wakaingiza vichwa kuuliza kuna nini.

"Miaka kumi na mmoja!" alisema Bi Ghislaine akijifuta macho. "Miaka kumi na mmoja sipati usingizi vizuri usiku wa kuamkia Pasaka!"

"Na mimi miaka kumi na mmoja nakula sponji," alisema Anselme.

Alizunguka kaunta, jambo ambalo mteja hafanyi, na akambusu mashavu yote mawili, na ndara zake zikaacha alama mbili nzuri kwenye unga uliomwagika sakafuni.

Aliporudi nyumbani alikuta kahawa imepoa na watatu wanamsubiri langoni. Clémence alikuwa ameshamweleza Yannig kisa chote, na yule kijana mrefu alikuwa amepauka kama karatasi, akijiona ndiye aliyeivunja nyumba ya watu.

"Mzee, samahani sana. Ningejua..."

"Ungejua, ungeharibu kila kitu," alisema Anselme. "Ingia ndani, mkwe. Pasha kahawa."

Neno hilo "mkwe" lilikuwa halijatamkwa na mtu bado. Huguette alilisikia, Clémence alilisikia. Yannig alibaki amesimama mpaka Clémence alipomvuta mkono.

Walioana mwishoni mwa mwezi wa sita. Bi Ghislaine alikataa kabisa kuwanunulia maharusi zawadi ya dukani. Alisema zawadi yake ni kifungua kinywa cha siku ya pili, kwa wageni wote waliolala, na asiingiliwe. Alileta kruasani sitini, amezifunika kwa shuka nyeupe ndani ya makapu mawili ya kufulia. Meza zilipangwa bustanini. Watu walishuka mmoja mmoja, macho mekundu, wengine bado wana mashati ya jana, na kwa muda mrefu hapakusikika maneno, ila mlio wa maganda yakivunjika na vijiko kwenye mabakuli.

Mama yake Yannig, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, aliketi kati ya Anselme na Bi Ghislaine. Alichukua kruasani yake, akaipasua katikati kwa kisu, akafungua kibeti, akatoa kipande cha siagi ya kwao, ile yenye chembe za chumvi, aliyosafiri nayo kutoka Bretagne. Akaanza kuipaka ndani, nene kama kidole.

Anselme aliacha kutafuna. Bi Ghislaine aliweka bakuli chini. Siagi juu ya siagi! Huguette, upande wa pili wa meza, alimkazia mumewe macho na kumpiga teke la onyo mguuni.

"Nini?" alisema mama Yannig, mdomo umejaa. "Kwani nyie mnakula kavu?"

Bi Ghislaine alimtazama akila hadi akamaliza nusu. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Hebu nipakie na mimi kidogo," alisema. "Hapo kwenye ncha tu."